Wasini: Njia fupi katika bustani ya matumbawe ya kale

MAJI yanapokupwa katika ghuba ndogo iliyo kando ya kijiji cha Wasini, pwani ya kusini mwa Kenya, mgeni huona nchi kavu mandhari ambayo angetarajia kuyakuta chini ya bahari tu. Mamia ya miamba ya kijivu imesimama juu ya mchanga na matope, mingine imechongoka kama mikuki, mingine imetobolewa ikawa kama madirisha, na mingine ina kichwa kipana na shingo nyembamba mithili ya uyoga. Wenyeji na watembezaji watalii wanapaita Bustani ya Matumbawe.

Kila mwamba katika bustani hii ni visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa zamani yaliyogeuka mawe. Wanyama waliojenga mwamba huo walikuwa hai wakati ambapo bahari ilikuwa imepanda kupita kiwango cha leo, makumi ya maelfu ya miaka kabla ya binadamu kujenga mji wowote duniani.

Mgeni hutembea katikati ya mawe hayo juu ya daraja la mbao lililoinuliwa kwenye nguzo. Njia ni fupi na mtu asiye na haraka huimaliza kwa muda usiofika saa moja. Hata hivyo, ni katika sehemu chache za Afrika Mashariki ambamo mtu asiye mtaalamu anaweza kuona kwa macho yake, katika mwendo mfupi kiasi hicho, jinsi bahari ilivyopanda na kushuka na jinsi nchi ya pwani ilivyoumbwa.

Mahali ilipo

Wasini ni kisiwa chembamba chenye urefu wa takriban kilomita 5 na upana wa takriban kilomita 1, mkabala wa mji mdogo wa Shimoni katika Kaunti ya Kwale, eneo bunge la Lunga Lunga. Kutoka Diani, msafiri hufuata barabara kuu iendayo Lunga Lunga kwenye mpaka wa Tanzania, hupita Msambweni, kisha hukata kushoto kuelekea Shimoni. Hapo huvuka mlango wa bahari kwa mashua.

Kisiwa kina vijiji viwili vikuu, Wasini upande wa magharibi na Mkwiro upande wa mashariki. Hakuna magari, na watu hutembea kwa miguu katika vichochoro vilivyo baina ya nyumba. Wenyeji wengi ni Wavumba, ambao lahaja yao ya Kivumba ni miongoni mwa lahaja za Kiswahili za pwani ya kusini. Watawala wao wa kale walijulikana kwa cheo cha Diwani, na makao yao ya awali yalikuwa Vumba Kuu, upande wa bara.

Kusini mwa kisiwa ndipo ilipo Hifadhi ya Bahari ya Kisite-Mpunguti, yenye jumla ya kilomita 39 za mraba, ambayo ilianzishwa katika miaka ya 1970 na husimamiwa na Shirika la Huduma za Wanyamapori, KWS. Watalii wengi wafikao Wasini huwa wametoka huko kutazama pomboo na matumbawe hai. Ni vyema kuziangalia sehemu hizi mbili kama kurasa za kitabu kimoja: Kisite huonyesha mwamba unaojengwa leo, na Wasini huonyesha mwamba uliokwisha kujengwa.

Mwamba ulivyoumbwa

Tumbawe si mmea wala si jiwe, ijapokuwa hufanana na vyote viwili. Ni koloni la wanyama wadogo laini waishio bega kwa bega. Kila mmoja huchukua madini ya kalsiamu kutoka katika maji ya bahari na kujijengea kikombe kidogo cha chokaa. Mnyama akifa, kikombe hubaki, na kizazi kipya hujenga juu yake. Kwa karne nyingi, vikombe hivyo hujumlishwa vikawa mwamba wa mita nyingi.

Ili mwamba wa aina hii uendelee kukua, ni lazima maji yawe ya vuguvugu, safi na ya kina kifupi kinachopitisha mwanga wa jua. Kwa hiyo, popote palipo na tumbawe la kale lililosimama kama lilivyokua, pana ushahidi kwamba bahari ya kina kifupi iliwahi kuwa hapo. Tumbawe la namna hiyo likikutwa juu ya usawa wa bahari ya leo, basi ama nchi imeinuka au bahari imeshuka.

Katika pwani ya Kenya, sababu kubwa ni kushuka kwa bahari. Takriban miaka 125,000 iliyopita, dunia ilipita katika kipindi cha joto. Sehemu ya barafu ya ncha za dunia iliyeyuka, na bahari ikapanda hadi kati ya mita 6 na 9 juu ya kiwango cha sasa. Ukanda wote wa pwani ambao leo una barabara, hoteli na mashamba ya minazi ulikuwa chini ya maji. Matumbawe yalisitawi juu yake. Sehemu kubwa ya mwamba unaoonekana leo katika ukanda huo huhusishwa na kipindi hicho, ingawa tabaka za chini zaidi katika baadhi ya sehemu zimeonekana kuwa kongwe zaidi.

Baadaye dunia ilipoa. Maji mengi yaligandishwa kuwa barafu katika nchi za kaskazini na kusini, na kufikia miaka 20,000 hivi iliyopita bahari ilikuwa imeshuka takriban mita 120 chini ya kiwango cha leo. Wakati huo Wasini hakikuwa kisiwa. Kilikuwa kilima kirefu cha chokaa, na mlango wa bahari unaokitenga na Shimoni ulikuwa bonde kavu ambalo mtu angeweza kulivuka kwa miguu. Pemba, kwa upande mwingine, ilibaki kisiwa, kwa kuwa mkondo unaoitenga na bara una kina cha mamia ya mita.

Barafu ilipoyeyuka tena, bahari ilirudi, ikajaza bonde hilo, ikauzunguka mwamba wa kale na kuanza kuutafuna.

Wataalamu wamelichunguza jambo hili kwa muda mrefu. P. V. Caswell alieleza jiolojia ya ukanda wa Mombasa na Kwale katika ripoti rasmi ya mwaka 1953. Mwaka 1980, J. A. Crame alichapisha katika jarida la Palaeontology utafiti kuhusu miamba ya matumbawe ya kale ya pwani ya Kenya, akieleza jinsi jamii za matumbawe zilivyofuatana na kupokezana nafasi katika ujenzi wa mwamba.

Namna ya kuusoma mwamba

Mtu anayepita kwa haraka huona mawe tu. Anayesimama na kuinama huanza kuona viumbe.

Alama ya kwanza ya kutafuta ni ruwaza. Uso wa jiwe ukiwa na mikunjo mirefu inayopindapinda, hilo ni tumbawe la jamii ifananayo na ubongo. Ukiwa na vitundu vidogo vilivyopangwa kama masega ya nyuki, kila kitundu kilikuwa chumba cha mnyama mmoja. Matumbawe ya matawi huonekana kama vijiti vya chokaa vilivyolala ndani ya jiwe, na aghalabu huwa vimevunjika, kwa kuwa matawi hayo ni dhaifu mbele ya mawimbi.

Alama ya pili ni makombe. Kati ya matumbawe hujibana magamba ya chaza na ya konokono wa baharini, na katika miamba ya kale ya pwani hii hupatikana pia magamba mazito yenye kingo za mawimbi ya makombe makubwa ya jamii ya Tridacna, ambayo ndugu zao wangali hai katika bahari hii.

Alama ya tatu ni mkao. Tumbawe lililosimama wima, likiwa limepanuka kuelekea juu, lilifia pale lilipokulia. Lililopinduka au kulala ubavu lilibebwa na mawimbi au dhoruba. Kwa kutofautisha mikao hiyo miwili, mtazamaji anaweza kubashiri kama mahali aliposimama palikuwa maji tulivu nyuma ya mwamba au palikuwa penye kupigwa na mawimbi.

Wageni wengi hudhani kwamba matumbawe haya yaliuawa na uchafu wa zama hizi au na joto la miaka ya karibuni. Sivyo. Yalikufa kwa kuachwa na maji maelfu ya miaka kabla ya binadamu kuwa na uwezo wa kuathiri bahari.

Kazi ya mvua na mawimbi

Maumbo ya ajabu ya bustani hayakutokana na matumbawe yenyewe bali na uharibifu uliofuata. Tone la mvua lipitapo hewani hunyonya kiasi kidogo cha kaboni dayoksidi na kuwa asidi hafifu. Asidi hiyo huyeyusha chokaa polepole, ikaacha kingo zenye ncha kali kama wembe na mashimo yanayopenya upande hadi upande.

Chini, bahari hufanya kazi yake. Katika pwani ya Kenya, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua hufikia takriban mita 4. Kila maji yanapojaa, mawimbi hupiga shina la mwamba, na konokono na viumbe wengine watoboao mawe hukwangua chokaa katika usawa uleule. Shina huliwa kuliko kichwa, na ndipo uyoga wa jiwe hupatikana. Shingo ikizidi kuwa nyembamba, kichwa huanguka, nao mzunguko huanza upya.

Katikati ya mawe huota mikoko, hasa mchu wenye mizizi inayochomoza ardhini kama penseli, na mkoko wenye mizizi iliyopinda kama matao. Huota pia mboga ya pwani, mmea mdogo wenye majani manene yenye chumvi ambao hupikwa na wenyeji na kuandaliwa wageni pamoja na samaki na kaa.

Daraja la kina mama

Kabla ya daraja, wageni walitembea juu ya mawe yenyewe na kukanyaga miche ya mikoko. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kikundi cha wanawake wa Wasini kilipata ufadhili na kujenga njia ya mbao inayopita juu ya bustani. Tangu hapo, anayeingia hulipa kiingilio, na wanawake hao ndio wasimamizi.

Hatua hiyo ilikuwa na uzito katika kijiji ambacho uchumi wake ulitegemea uvuvi na mashua za utalii, kazi ambazo kwa desturi zimekuwa mikononi mwa wanaume. Mapato ya kiingilio yamekuwa yakisaidia mahitaji ya kijiji, yakiwemo masomo ya watoto. Mfano kama huo ulifuatwa huko Gazi, Msambweni, ambako wanawake husimamia daraja lao katika msitu wa mikoko. Huko Gazi ndiko pia uliko mradi wa Mikoko Pamoja, ambao huhifadhi hekta 117 za mikoko kwa kuuza hewa ya kaboni, na ambao ulitunukiwa Tuzo ya Ikweta mwaka 2017.

Hata hivyo, daraja la mbao juu ya maji ya chumvi ni mali isiyodumu bila gharama. Mbao huoza, misumari huliwa na kutu, na nguzo hulegea katika matope. Fedha za ukarabati hutoka katika viingilio vilevile vinavyotarajiwa kusaidia kijiji. Wageni wakiadimika, kama ilivyokuwa mwaka 2020 janga la corona lilipofunga safari duniani, mapato hukatika ilhali chumvi huendelea kula mbao.

Jiwe lilelile, manufaa na dhiki

Jiwe la Wasini halipatikani Wasini pekee. Ukanda wa mwamba huo hufuata pwani ya Kenya kwa sehemu kubwa, na historia ya Waswahili imejengwa kwalo. Msikiti wa Kongo huko Diani, kwenye mlango wa mto Mwachema, ni wa mawe ya matumbawe na chokaa. Hadi leo matofali ya jiwe hilo hukatwa katika machimbo ya Kwale, nayo chokaa ya matumbawe imelisha kiwanda cha saruji cha Bamburi, kaskazini mwa Mombasa, tangu mwaka 1954.

Huko Shimoni, maji yaliyeyusha mwamba huo kutoka ndani na kuacha mapango ambayo mji umepata jina kutokana nayo. Kwa mujibu wa masimulizi ya wenyeji, watumwa walifungiwa humo kabla ya kupakiwa majahazini. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilipigwa marufuku kwa mkataba wa Zanzibar wa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukafutwa katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Leo mapango hayo hutembelewa kwa kiingilio kinachosimamiwa na jamii.

Jiwe hilo limewaletea wakazi wa Wasini dhiki pia. Kwa kuwa lina matundu mengi, mvua hupenya ndani yake mara moja, na kisiwa hakina mto wala kijito. Kwa vizazi vingi watu wa Wasini walitegemea majabia ya kukingia maji ya mvua, na kiangazi kilipozidi walivusha maji kwa mashua kutoka bara. Mwamba unaoleta wageni ndio huohuo uliowanyima wenyeji visima vya maji matamu.

Maeneo mengine ya kulinganisha

Mwenye kupenda elimu ya aina hii anaweza kuongeza Kaya Kinondo, kusini mwa Diani, msitu wa Wadigo wa takriban hekta 30 uliosimama juu ya mwamba wa matumbawe. Huko mgeni hufungwa kaniki nyeusi, huongozwa na mwenyeji, na haruhusiwi kuondoka na chochote, hata jani. Misitu ya kaya za Wamijikenda iliingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO mwaka 2008.

Mbali na pwani, huko Olorgesailie katika Bonde la Ufa, mgeni hutembea vivyo hivyo juu ya mbao na kutazama mashoka ya mawe yaliyoachwa pale yalipookotwa na kutupwa na binadamu wa kale. Na katika pango la Panga ya Saidi, Kaunti ya Kilifi, watafiti walitangaza mwaka 2021 kupatikana kwa kaburi la mtoto aliyezikwa takriban miaka 78,000 iliyopita. Matukio haya yanaonyesha kwamba chokaa ya pwani ni mtunzaji mwema wa kumbukumbu, mradi isibomolewe kabla ya kusomwa.

Yaliyo hatarini

Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inalinda visukuku, na mtu hana ruhusa ya kuvichimba au kuvitoa nchini bila kibali. Lakini ulinzi wa kila siku wa bustani ya Wasini hauko mikononi mwa askari. Uko mikononi mwa wanawake wanaokaa langoni. Kipande kimoja kinachovunjwa na mgeni ili akipeleke nyumbani kama kumbukumbu hakiwezi kukua tena.

Kuna hatari kubwa zaidi inayofanya bustani hii iwe na maana kuliko mandhari yake. Mwaka 1998 joto la bahari lilisababisha matumbawe mengi hai ya Kenya kupauka na kufa, na mwezi Aprili 2024 wanasayansi walitangaza kwamba dunia imeingia katika tukio la nne la kimataifa la kupauka kwa matumbawe. Wakazi wa Wasini na Mkwiro wameshiriki kupandikiza matumbawe katika sehemu zilizoharibika, kwani samaki wanaowalisha hutegemea mwamba hai.

Mawe ya bustani ni ushahidi wa jambo linalohofiwa. Yanaonyesha kwamba dunia ilipopata joto kidogo kuliko la nyakati za kawaida, bahari ilipanda kwa mita kadhaa na kufunika ardhi ambayo leo ni makazi. Kijiji cha Wasini kimejengwa juu ya ushahidi huo.

Kwa anayekusudia kwenda

Ni bora kuuliza mapema saa za maji. Wakati wa kupwa, mashina ya miamba huonekana vizuri na maelezo ya mtembezaji hueleweka. Wakati wa kujaa, hasa siku za bamvua, maji huingia bustanini na mawe huonekana kama visiwa vidogo.

Viatu vyenye soli ngumu vinafaa, kwa kuwa anayeteleza kutoka kwenye mbao huangukia jiwe lenye makali. Kofia na maji ya kunywa ni muhimu, kwani jiwe hurudisha joto la jua. Wasini ni kijiji cha Waislamu, hivyo mgeni hutarajiwa kuvaa mavazi ya heshima apitapo vichochoroni na kuomba ruhusa kabla ya kupiga watu picha.

Inafaa kumchukua mtembezaji mwenyeji na kumlipa ipasavyo. Asiye na mwenyeji ataona mawe yenye maumbo ya kupendeza, lakini ataondoka bila kujua kwamba alikuwa akitembea katika sakafu ya bahari.